Njia ya gari yenye mteremko imepasuka na kutitia: nizibe nyufa, niongeze zege juu, au nivunje yote?

Kitindamimba

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kabla sijampa fundi hela yoyote, maana nimeita watatu na kila mmoja kaniambia lake.

Nyumba yetu iko chini ya usawa wa barabara. Ukiingia getini unashuka moja kwa moja mpaka mlango wa banda la gari, urefu mita 18, upana mita 3. Zege lile alilimwaga marehemu baba mwaka 1996 akiwa na rafiki zake watatu, kwa koleo na ndoo, siku mbili mfululizo. Limebeba magari miaka yote hii na sina nia ya kulidharau. Ila sasa limechoka.

Nimepima mwenyewe. Nilichukua ubao ulionyooka wa mita 2, nikaweka pima maji juu yake, nikainua ncha ya chini mpaka ubao ukalala sawa, kisha nikapima nafasi iliyobaki kati ya ncha ile na zege. Mita 6 za juu nilipata sentimita 20 kwa kila ubao, yaani asilimia 10. Mita 6 za kati, sentimita 38, ambayo ni asilimia 19. Mita 6 za mwisho, sentimita 16, asilimia 8. Kutoka getini hadi mlangoni ni kushuka mita 2.2 na ushei.

Kuna nyufa mbili kubwa zinazokata njia kwa upana, moja pale mteremko mkali unapoanza na nyingine unapoishia. Ile ya chini kidole kinaingia. Kipande kilicho kati yao kimelala upande wa kushoto, kimeshuka kama sentimita 4, na gari likipita juu yake kinacheza, unasikia "dum" mpaka sebuleni. Nikigongagonga kwa nyundo kuanzia kulia sauti ni nzito na kavu. Nikifika kushoto inageuka, kama nagonga mtungi mtupu. Nilichimba pembeni kuona unene: sentimita 7, mahali pengine 6, hakuna nondo wala wavu, na chini ni udongo wa kujaza tu. Nikaingiza fimbo chini ya zege, ikazama sentimita 40 bila kugusa kitu.

Mvua ikinyesha maji ya barabarani yanaingia getini na kushuka yote, yanapita chini ya mlango wa banda. Tumezoea kuinua vitu juu ya matofali.

Lakini kinachoninyima usingizi ni mama. Ana miaka 74, anatembea kwa mkongojo. Msimu wa mvua uliopita aliteleza pale katikati, akakaa chini kwa kishindo. Hakuvunjika, Mungu mkubwa, ila tangu siku hiyo mawingu yakitanda tu hatoki ndani. Baba alikuwa amechora mistari ya kukata mteremko kwa ncha ya mwiko ili matairi na miguu vishike, lakini imelika, na miaka sita iliyopita fundi mmoja alitushauri tupige niru, yaani uji wa saruji unaolainishwa, sehemu ile ili ipendeze. Tukakubali. Ikilowa ni kama sahani.

Fundi wa kwanza anasema nisafishe, niongeze zege la sentimita 3 juu ya lile la zamani, kazi ya siku moja. Wa pili anasema nivunje yote. Wa tatu anasema nivunje niweke vitofali vya pevingi. Nina uwezo wa kuifanya kazi hii mara moja tu. Nimsikilize nani?

Zege_Miaka30

Binti, umefanya vizuri kupima. Katika miaka yangu 30 na zaidi kwenye zege, wateja waliowahi kunionyesha vipimo vyao wenyewe nawahesabu kwa vidole.

Nianze na zile sentimita 3. Achana nazo kabisa. Zege jembamba lililopigwa juu ya lingine linafuata kila kinachofanywa na lile la chini. Ufa wa chini ukifunguka kidogo, wa juu unafunguka palepale. Na kwako si ufa tu, kipande kizima kinacheza. Mwaka mmoja hautaisha kabla hujaona magamba yanabanduka, na ukishaona magamba utalipia kuvunja mara mbili, jipya na la zamani.

Kuziba nyufa ni kazi halali pale ambapo zege limetulia. Ufa mwembamba, pande zote mbili ziko sawa, ukigonga sauti nzito, huo unaupanua kidogo, unausafisha vumbi lote, unaujaza dawa ya kuziba inayonyumbuka ili maji yasiingie. Kama huna hakika ufa umetulia au unatembea, bandika donge la plasta ngumu kuvuka ufa, andika tarehe, rudi baada ya wiki kadhaa. Likikatika, unatembea. Wako hauhitaji donge. Umeshuka sentimita 4, hapo hakuna la kuuliza.

Swali langu kwako ni jingine, na ningependa ulijibu kabla hujavunja hata kokoto moja. Udongo uliokuwa chini ya kile kipande umekwenda wapi? Fimbo imezama sentimita 40. Udongo hauyeyuki wenyewe, kuna maji yaliyoubeba. Maji ya juu yanayoingia kwenye ufa yanaweza kuutoa kidogo kidogo, lakini shimo la ukubwa huo upande mmoja tu linanipa shaka. Maji ya paa lenu yanashuka wapi? Kuna bomba lolote linalopita chini ya njia, la maji safi, maji machafu au la mvua?

Na tafadhali, gari lisipite tena upande wa kushoto. Zege la sentimita 7 lisilo na chuma, lililokaa juu ya shimo, ni daraja ambalo hakuna aliyelijenga kuwa daraja.

Mama_Pacha

Pole sana na habari ya mama. Mimi niseme kuhusu pevingi kwa sababu yangu iko kwenye mteremko wa asilimia 13 na nimeifanya mara mbili.

Mara ya kwanza fundi alipanga vitofali vya sentimita 6, kwa mtindo wa matofali ya ukuta, mistari mirefu, akaanzia juu akashuka. Pembeni hakuweka chochote cha kuzuia zaidi ya udongo. Baada ya mvua mbili tatu vikaanza kutembea. Unaona mianya inafunguka juu na chini vinabanana na kuvimba kama zulia lililosukumwa. Breki za gari kila siku zinavisukuma kushuka, na maji yanayopita kwenye mianya yanabeba mchanga wa kulalia.

Mara ya pili nilipata fundi mwingine. Vitofali vya sentimita 8, vimepangwa kwa mshazari, kimoja kikiukata mwenzake kama mfupa wa samaki, ili gurudumu likisukuma kimoja kinabebwa na vinne. Alianzia chini kabisa kwenye boriti ya zege iliyozikwa ardhini, akapanda. Pembeni pote mawe ya kingo yaliyokaa kwenye zege. Katikati ya mteremko akaweka boriti nyingine ya kukata njia. Mchanga wa kulalia sentimita 3 tu, si zaidi, na nyuma ya boriti ya chini aliacha matundu ya bomba ili maji yaliyojikusanya kwenye mchanga yapate pa kutokea. Hii imetulia mwaka wa nane sasa.

Faida yake ni kwamba bomba likipasuka chini unainua vitofali, unatengeneza, unavirudisha. Hasara ni kwamba msingi wake unataka umakini uleule wa zege. Asikudanganye mtu kuwa pevingi ni njia ya mkato. Na kwa asilimia 19 yako mimi ningeogopa.

Mpimaji

Naongezea kuhusu namba zako, kwa sababu nimezichora kwenye karatasi na kuna jambo zuri ndani yake.

Wastani wa mteremko wako wote ni asilimia 12 na kidogo. Hiyo 19 ya katikati imetokana na namna ardhi ilivyolala, si lazima ibaki. Ukivunja yote unaweza kuugawa upya. Mita 2 za kwanza toka getini zipewe asilimia 7, ili pua ya gari isipande ghafla ikitoka. Zinazofuata, mita 13, asilimia 15 moja kwa moja. Kisha mita 2 za asilimia 8. Na mita 1 ya mwisho mbele ya mlango igeuzwe, iinuke kuelekea mlangoni kwa asilimia 2. Jumla inarudi kwenye mita zako 2.2. Kwenye alama ya mita 6 utachimba kama sentimita 14 chini ya uso wa sasa, kwenye alama ya mita 12 utainua kama 10. Si kazi kubwa kwa mtu ambaye tayari ameshika sururu.

Asilimia 15 bado ni kali, lakini ni kipimo ambacho gari la kawaida linakipanda bila kulalamika. Linaloumiza tumbo la gari si ukali peke yake, ni kubadilika ghafla. Tofauti ya mteremko mahali pamoja ikizidi kama asilimia 10, weka kipande cha kulainisha kati yake. Sasa hivi kutoka 19 kwenda 8 una tofauti ya 11. Bila shaka kuna mikwaruzo kwenye zege pale chini.

Kuhusu maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Njia yako ni mita za mraba 54. Mvua ya milimita 40 inakupa lita 2,160 kutoka kwenye njia pekee, kabla ya kuhesabu barabara. Kwa hiyo mambo mawili. Juu getini weka tuta la chini, sentimita 5 au 6, lenye mgongo mpana, maji ya barabara yabaki kwenye mtaro wa barabara. Chini, pale kwenye bonde la mita 1 kabla ya mlango, weka mtaro wa kukata njia nzima wenye kifuniko cha vyuma kinachobeba gari, nao uwe na mteremko wake wa kutoka. Usiuelekeze kwenye msingi wa nyumba. Maji yanayoshuka kwa kasi huruka mtaro mwembamba, ndiyo maana nakutaka ulaze njia kabla ya mtaro na kuigeuza baada yake.

Kitindamimba

Mikwaruzo ipo, Mpimaji. Umenishangaza. Iko palepale kwenye alama ya mita 12.

Mzee Zege, shikamoo. Nimefanya ulichosema. Nilimuuliza mama kuhusu maji ya paa akakumbuka kwamba baba alizika bomba kutoka gata ya upande wa kushoto, likapita chini ya njia kwa mshazari na kutokea kwenye mtaro wa nyuma ya banda. Mimi nilikuwa sijui kabisa. Mdomo wake niliupata chini ya nyasi.

Juzi nilipanda ngazi nikamimina ndoo 12 za lita 20 kwenye gata hiyo, mpwa wangu akiwa amechuchumaa kwenye mdomo wa bomba. Halikutoka hata tone. Dakika kama 10 baadaye maji yakaanza kujipenyeza kutoka kwenye ule ufa wa chini, mekundu, yamebeba udongo. Nilikaa pale nikitazama na kusema kweli moyo uliniuma. Kila mvua, kwa miaka sijui mingapi, paa letu lilikuwa linakwenda kufukua chini ya kazi ya baba.

Sasa nimeshaamua kuvunja. Naomba mnieleze zege la mteremko linamwagwaje ili nisimamie fundi nikiwa najua ninachokiangalia. Na suala la mama, mnanishauri nini?

Zege_Miaka30

Marahaba binti. Basi jibu umelipata mwenyewe, kwa ndoo 12. Wengine wanamwaga zege jipya juu ya bomba lilelile na wanabaki kumlaumu fundi.

Kwanza bomba. Lisipite tena chini ya njia kama kuna namna ya kulizungusha. Kama hakuna, weka bomba jipya lisilo na kiungo chini ya zege, lizungushiwe mchanga, lishuke kwa mteremko wa kutosha, na kila upande wa njia weka chemba ndogo ili siku likiziba ulizibue bila kuvunja. Kabla hujafukia, mimina ndoo zako tena.

Shimo lile usilijaze kwa mkupuo. Fukua mpaka udongo mgumu, kisha rudisha kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka unyevu kidogo na kushindiliwa mpaka kisigino hakiachi alama. Juu ya hapo njia nzima ipate sentimita 15 za kokoto mchanganyiko, nazo kwa matabaka mawili, kwa mashine. Zege la zamani ukilivunja vipande vya ukubwa wa ngumi linafaa kabisa kwa tabaka la chini. Usilipie lori la kulitupa.

Unene wa zege jipya, sentimita 12 na nusu. Gari dogo linatosheka na 10, lakini ipo siku litaingia lori la mchanga. Wavu wa chuma wa milimita 6 wenye matundu ya sentimita 20, uinuliwe juu ya biskuti za zege ukae katikati au juu kidogo ya katikati. Hapa ndipo usimame macho wazi. Mafundi wengi wanautandaza chini kisha wanasema watauvuta kwa ndoano wakati wa kumwaga. Hauvutwi. Ukija kuvunja unaukuta umelala kwenye udongo.

Chini, kabla ya mtaro, chimba kitako kinachokata njia nzima, upana sentimita 30, kina 40, kimwagwe pamoja na zege la juu. Kingine katikati ya mteremko. Hivyo ndivyo vidole vya miguu vya njia yako, bila hivyo zege zima linataka kuteremka.

Mchanganyiko, saruji 1, mchanga 1 na nusu, kokoto 3. Kwa eneo lako zege ni kama mita za ujazo 7 pamoja na vitako, kwa hiyo hesabu mifuko 55 hadi 60 ya kilo 50. Maji yasizidi nusu ya uzito wa saruji, yaani lita 25 kwa mfuko, tena mchanga ukiwa umelowa punguza. Zege la mteremko liwe zito. Ukilirundika kwa koleo libaki limerundikana. Fundi akianza kusema "ongeza maji litelemke vizuri", msimamishe palepale, kwa maana litateremka kweli, kokoto zitabaki juu na uji wa saruji utakwenda mlangoni.

Mnaanza kumwaga chini mnapanda juu. Kila toroli inaegemea ile iliyotangulia. Mkianzia juu, zege linajivuta lenyewe na kuacha nyufa za kuchanika kabla halijakauka.

Mistari ya kukata iwe kila mita 3, upate vipande vya mraba, mita 3 kwa 3. Kina cha mkato robo ya unene, kwako sentimita 3 na kidogo. Kama ni kwa mashine, ukatwe siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi na mapema, mara tu kingo zinapoacha kumeguka. Ukichelewa zege litachagua lenyewe pa kupasukia. Mahali zege linapokutana na ukuta, sakafu ya banda na nguzo za geti, weka ubao laini au utepe wa povu wa sentimita 1 kati yake. Zege la mita 18 likiongezewa joto la nyuzi 30 linarefuka milimita 5 hivi. Ni kidogo, lakini linasukuma, na kinachosukumwa ni ukuta wa banda lako.

Uso usilainishwe. Niru marufuku. Likishaanza kushika, vuta ufagio mgumu kukata mteremko, mistari iwe na kina ambacho kiganja kinakisikia. Kwenye zile mita 13 za asilimia 15 mimi huongeza mifereji midogo kwa ncha ya bomba, ya mshazari, ili maji yapelekwe pembeni na gurudumu lipate meno.

Kumwagilia maji kwenye mteremko hakutoshi, yanakimbia yote. Tandaza magunia, yaloweshe, funika kwa nailoni, zuia kwa mbao upepo usiibebe. Siku 7 kamili, asubuhi, mchana na jioni unainua nailoni na kulowesha. Kwa miguu siku ya pili. Gari dogo siku ya 10. Lori, zikishapita siku 28.

Mama nitamwachia mwingine, mimi ni wa zege la magari.

Dereva_Mstaafu

Kama hela itapungua njiani, usipunguze unene wala kokoto za chini. Punguza upana. Mikanda miwili ya zege ya sentimita 80 kila mmoja kwa magurudumu, katikati mawe madogo au nyasi. Nimeingiza magari kwenye njia hizo miaka mingi, zinafanya kazi. Mkanda mmoja ulio imara ni bora kuliko uwanja mzima wa sentimita 7.

Mpimaji

Kuhusu mama. Mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, asilimia 8 na kidogo. Kwa kushuka kwako mita 2.2 ungehitaji urefu wa zaidi ya mita 26, na unayo 18. Kwa hiyo njia ya gari haitakuwa njia yake salama hata ukiichonga vipi. Mtenganishe na gari. Kuna nafasi pembeni?

Kitindamimba

Ipo, kulia, kati ya zege na ukuta. Sentimita 90 za nyasi.

Mpimaji

Basi umemaliza. Kwenye zile mita 13, kushuka ni mita 1.95. Gawa ngazi 13, kila moja urefu mita 1 na kimo cha sentimita 15. Ni ngazi ndefu, na huo ndio uzuri wake kwa mtu wa mkongojo: anashusha mkongojo, mguu, mguu wa pili, anasimama pote tambarare, anapumua, kisha inayofuata. Zote ziwe sawasawa, hata sentimita 2 za tofauti zinamwangusha mtu aliyezoea kipimo. Upana 80, ukingo wa kila ngazi upakwe rangi inayoonekana gizani. Bomba la kushikilia kwenye ukuta, urefu wa sentimita 90 kutoka kwenye ukingo wa ngazi, liendelee kidogo baada ya ngazi ya mwisho juu na chini, kwa sababu hapo ndipo mkono unapotafuta.

Kitindamimba

Narudi na taarifa, wiki ya kumi tangu niulize.

Tulivunja kwa siku tatu. Bomba la baba lilikuwa la vipande vifupi vya saruji, na viungo viwili vilikuwa vimeachana, kimoja kiganja kizima kinapita. Pango lilikuwa na urefu wa mita 2 na kina cha nusu mita mahali pengine. Mama alitoka akasimama pembeni akalitazama kimya, kisha akasema, "Baba yenu alilifunika akaamini." Zege lake tumelivunja vipande vya ngumi, limo lote kwenye tabaka la chini.

Fundi aliyeshinda kazi ni yule wa pili. Wavu alitaka kuulaza chini kama Mzee Zege alivyosema. Nikamwonyesha biskuti nilizofyatua mwenyewe usiku kwenye trei ya barafu, 120. Hakubishana. Maji tuligombana mara moja tu, kwenye toroli ya tano au ya sita, nikasimama mbele ya pipa. Bomba jipya limezunguka nje ya njia kabisa, lilihitaji mita 9 za ziada na sijutii.

Mvua kubwa imenyesha mara mbili tangu tuondoe nailoni. Tuta la getini linafanya kazi. Mtaro wa chini unameza karibu yote, ile mvua ya pili kidogo yaliruka vyuma, yakafika kwenye mita iliyogeuzwa, yakarudi. Sakafu ya banda ni kavu. Nimegundua kwamba majani yakijaa kwenye vyuma mtaro unashindwa ndani ya dakika chache, kwa hiyo kuyatoa kumekuwa kazi ya asubuhi.

Mama alikataa ngazi wiki mbili za kwanza. Alisema ni ndefu mno, kama jukwaa. Jumapili alipanda mpaka getini peke yake, mkono mmoja kwenye bomba, na aliporudi alilalamika kwamba ya nne kutoka chini iko juu kuliko nyingine. Nimepima. Ni sentimita 1 na nusu. Fundi anarudi Alhamisi kuirekebisha.

Mzee Zege, limebaki moja. Ile mistari ya kukata niijaze sasa au nisubiri?

Zege_Miaka30

Subiri zege litimize siku 28 na mvua itulie ili mikato iwe mikavu kabisa. Safisha vumbi kwa upepo au brashi, sukuma kamba ya povu chini kwanza, kisha dawa inayonyumbuka juu yake, ibaki chini ya uso kwa milimita 3 gurudumu lisiiguse. Usijaze saruji humo.

Na msalimie mama. Sentimita 1 na nusu mimi ningeipita bila kuisikia.